Usiikate M ya Mtu

Katika kazi yangu ya kuhariri sauti za matangazo, herufi inayonisumbua kuliko zote ni m. Sizungumzii m ya "mama" au ya "tamu", maana hiyo ina irabu ya kuiegemea. Nazungumzia m inayosimama peke yake mwanzoni mwa neno: mtu, mke, mtoto, mchana, msimu. Ni silabi kamili na ina haki yake ya kuhesabiwa, lakini haina irabu, na msomaji huitamka akiwa amefumba midomo. Kwenye skrini inaonekana kama mstari mnene kidogo tu kuliko ukimya, kisha ghafla t inapasuka na u inapanda juu. Ukiiambia programu ifute kila kilicho chini ya kiwango fulani, itaikuta m hiyo, itaiona ni uchafu, itaifuta. "Mtu akinunua" inatoka "tu akinunua".

Ukisikia tangazo ambalo msomaji anaonekana kuyameza maneno, usimlaumu haraka. Mara nyingi yeye alisoma vizuri kabisa. Kuna mtu aliyekaa na faili lake baadaye, akawasha geti, akaenda kunywa chai.

Geti, kwa wasiolijua, ni kitu kinachofunga sauti inaposhuka chini ya kiwango ulichoweka na kuifungua inapopanda tena. Zamani lilikuwa sanduku lenye vifundo, siku hizi ni kipande cha programu. Kazi yake ni kuziba kelele za chumba kati ya sentensi na sentensi, na kazi hiyo inaifanya. Video za mafunzo zitakwambia uliweke kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) -40 kisha ushughulike na mengine. Sidhani kama walioipanga namba hiyo walikuwa wamewahi kumsikia mtu akisoma "nchi", "nne" au "mchwa". Geti hufunguka pale sauti inapovuka kizingiti, na katika "nchi" kinachovuka kizingiti ni ch. N imeshabaki nje.

Ikibidi nilitumie, silifungi. Karibu kila geti lina mahali pa kuamua lishushe sauti kwa kiasi gani linapofunga, na watu wengi huliacha lishushe mpaka sifuri. Mimi naliambia lishushe desibeli 6 au 8 tu. Feni ya jirani inarudi nyuma, m inapungua kidogo lakini ipo, na sikio la Mswahili likishaipata hata robo ya ile m linajaza lenyewe. Kuna mageti pia yanayochungulia mbele kwa milisekunde kadhaa kabla ya kuamua. Hayo ndiyo ya kutafuta. Ila siku nyingi nalizima kabisa na kushusha kelele kwa mkono, pengo kwa pengo. Tangazo la sekunde 30 lina mapengo mangapi? Si kazi ya kumtoa mtu jasho.

Ningelivumilia geti kama hasara ingekuwa ya urembo tu. Lakini sarufi yetu imekaa mbele ya neno. Mwisho wa kitenzi mara nyingi ni a ileile. Nani ametenda, lini, ametenda au hajatenda, vyote viko mwanzoni, tena vimebanwa kwenye silabi ndogo ndogo zinazosemwa haraka. Ukila kichwa cha neno la Kiswahili umekula habari yenyewe.

Hapo ndipo inapoingia h, na kwa maoni yangu h ni hatari kuliko m. Fikiria tangazo la afya lenye sentensi "Dawa hii haitibu ugonjwa, inapunguza makali." Ondoa h moja tu. Inabaki "aitibu", na aitibu ni neno halali la Kiswahili: kwamba mtu fulani aitibu. Msikilizaji aliyeko jikoni, redio iko sebuleni, anapata nini hapo? Sijawahi kuona mteja wa shirika la afya akicheka na jambo kama hilo, na ana haki ya kutocheka.

Ubaya wa h ni kwamba kwenye skrini inafanana na pumzi. Zote mbili ni ukungu mwembamba usio na umbo, na mhariri aliyefundishwa kufuta pumzi anakimbiza macho akifuta kila ukungu anaoukuta kabla ya neno. Wako watu wengi siku hizi wanaoidondosha h wakiongea na hata wakiandika, "uyo", "apa", "atujui", na wengine wanaiweka pasipo na kazi, "hamesema jana". Msomaji wa matangazo analipwa, pamoja na mengine, kwa sababu h zake ziko mahali pake. Halafu mhariri anamshusha daraja kwa kubonyeza kitufe cha kufuta.

Njia ya kuzitofautisha ipo na ni rahisi ukishaizoea. Acha mwonekano wa mawimbi, hamia kwenye spektrogramu, ile picha inayoonyesha sauti kwa masafa yake, za chini zikiwa chini na kali zikiwa juu. Programu za kuhariri sauti zinayo: Audacity inayo, Reaper inayo, Adobe Audition inayo. Pumzi ni wingu lililotawanyika, na kwa kawaida kuna kijipengo kati yake na neno. H haina pengo. Imeshikana na irabu inayofuata, na ukitazama vizuri utaona milia ileile ya irabu imeshaanza kujichora ndani ya ukungu, kwa sababu mdomo ulishakaa tayari kusema a au i kabla koo halijaanza kutetemeka. Milia ikiwepo, ondoa mkono.

Na pumzi zenyewe mimi sizifuti zote. Ile ya kwanza kabisa kabla ya neno la kwanza, ndiyo, inaondoka. Za katikati nazishusha desibeli 6 hadi 10. Sauti isiyovuta pumzi hata mara moja katika dakika tatu inamchosha msikilizaji, anaanza kukosa hewa yeye badala ya msomaji.

Upande wa mwisho wa neno nako kuna wizi. Mswahili akimaliza sentensi, silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayobeba uzito na kurefuka, na ya mwisho inaachwa ijiangukie. "Karibuni nyote." Ile e ya mwisho mara nyingine inakuwa nusu mnong'ono. Programu inayofupisha ukimya kwa mkupuo inaikata, na tangazo linaishia "nyot". Kwa hiyo naacha mkia, nafifisha polepole kwa mkono, na nasikiliza kwa hedifoni zinazoziba masikio, kwa sauti ya chini. Ukisikiliza kwa sauti kubwa kila kitu kinasikika kipo.

Mafundi wa enzi za mkanda walilijua jambo hili kwa vidole. Mkanda wa sumaku ulipopita kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, ambao ni mwendo mmojawapo wa kawaida wa redio, m ya sehemu ya kumi ya sekunde ilikuwa na urefu wa chini kidogo ya sentimita mbili. Kitu cha kushika. Fundi alizungusha magurudumu kwa mikono yake miwili, mbele na nyuma, mpaka akasikia neno linaanzia wapi hasa, akatia alama kwa penseli ya nta, akakata kwa wembe na kuunga kwa gundi ya utepe. Hakukata wima, alikata mshazari, na mshazari ule ulikuwa na maana: sauti moja inafifia huku nyingine inaingia, kiungo hakipasuki. Sisi tunaita krosifedi. Kwa usemi, milisekunde 5 mpaka 10 zinatosha. Na kabla ya kukata, kwenye Audacity unabonyeza Z ili mkato usogee mpaka wimbi linapovuka sifuri, maana ukikata wimbi likiwa juu unasikia "tik" ndogo ambayo mteja ataisikia na hataweza kukueleza ni nini, atasema tu "kuna kitu". Fundi wa wembe alikuwa na faida moja ambayo sisi hatuna: hakuwa na kitufe cha kufanya faili zima kwa mara moja.

Audacity naitaja sana kwa sababu ndiyo wengi wetu tuliyoanzia, na wengi bado tuko nayo. Ilianzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatolewa bure kwa umma mwaka 2000, na bado ni bure. Kwa kijana wa Tandika mwenye kompyuta ya mtumba, neno bure lina uzito. Kwa miaka mingi ilikuwa na kero moja: kazi yako ilihifadhiwa kama faili dogo la aup na folda kubwa pembeni yake, na watu walikuwa wakibeba lile faili dogo kwenye flashi, wakafika kwa mteja na jalada lisilo na sauti ndani. Toleo la 3 la mwaka 2021 lilivikusanya vyote kwenye faili moja. Reaper nayo imetoka kwa Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, ile programu ya kuchezea muziki, na kwa kazi ya kila siku ndiyo niipendayo, ila sitamshawishi mtu aache chombo anachokijua.

Sasa kupunguza kelele. Hapa ndipo sauti nyingi za Kiswahili zinapouawa, na hapohapo Audacity imeweka dawa ambayo watu hawaigusi. Utaratibu unajulikana: msomaji anakaa kimya sekunde tatu nne kabla ya kuanza, unauchagua ukimya huo, unaiambia programu "hii ndiyo kelele, ijue", kisha unachagua faili zima na kuiambia iitoe. Namba zilizokuja na matoleo mengi ni 12 kwa desibeli, 6 kwa wepesi wa kuhisi, 3 kwa kulainisha masafa. Watu wanabonyeza sawa, wanasikia feni imetoweka, wanafurahi.

Chini ya namba hizo kuna viduara viwili. Kimoja ni cha kupunguza. Kingine kimeandikwa Residue, yaani masalia. Kibonyeze hicho cha pili, kisha sikiliza kionjo. Utakachosikia si sauti yako iliyosafishwa, ni kile kinachotupwa. Kikiwa ni feni tupu, vuuu mpaka mwisho, umefanya vizuri. Ukisikia ndani ya feni kuna mtu anayeguna kwa mbali, "mm… hh… mm…", hao ndio m na h wako wanaondoka. Unajua hata ni wa neno gani, ukiwa na skripti mbele. Shusha ile 12 mpaka 8, au 6, sikiliza tena masalia mpaka mgunaji anyamaze. Feni itabaki kidogo. Mwache abaki, mziki utamfunika.

Nimeandika aya hiyo ndefu kwa makusudi, kwa sababu kama kuna kitu kimoja cha kujaribu leo jioni ni hicho.

Kuna kelele ambazo hazisikii dawa hiyo kabisa. Kupunguza kelele kunafaa kwa kelele iliyotulia, inayosema neno moja tangu mwanzo hadi mwisho: feni, friji, mngurumo wa barabara kuu kwa mbali. Dar es Salaam haina tabia hiyo. Kunguru, hawa walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka na sasa wametutawala pwani nzima, wanalia katikati ya masafa ya sauti ya binadamu. Bodaboda anapita akipanda gia. Mvua inaanza juu ya bati. Ukijaribu kumtoa kunguru utamtoa na msomaji. Kwa hilo hakuna programu, kuna kusema "rudia hiyo sentensi", na ndiyo maana wengi tunarekodi usiku wa manane, feni imezimwa, msomaji anatiririka jasho ndani ya kabati lililojaa nguo. Kabati ni chumba kizuri. Nguo zinameza mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Utapungua, utajificha, lakini sauti itabaki ya bafuni.

Halafu kuna mngurumo wa umeme. Umeme wetu unakwenda na kurudi kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo waya mbovu au chaja ya bei poa itakuletea mlio wa 50, na watoto wake wa 100 na 150. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatoka Marekani, ambako umeme ni hezi 60. Nimepokea mafaili ya vijana waliofuata video hatua kwa hatua, wametoboa 60, 120 na 180 kwa ustadi mkubwa, na mlio wa 50 bado unanguruma palepale. Mwambie huyo kijana achomoe chaja ya kompyuta atumie betri. Nusu ya mara tatizo linaishia hapo.

Filta ya kukata sauti za chini nayo ina mipaka. Hezi 80 ni sawa kwa karibu kila mtu, inaondoa mitikisiko ya meza na lori linalopita. Wengine wanapandisha mpaka 150 au 200 ili sauti "ing'ae". Sauti ya mwanamke huanzia kati ya hezi 165 na 255 hivi, ya mwanamume chini ya hapo, na m na n zetu nguvu zake nyingi ziko chini ya 300. Ukipandisha filta unang'arisha irabu na kuwanyonya hao wawili damu. Tunarudi kwenye "tu akinunua" kwa mlango mwingine.

P ni kesi ya upande wa pili, yeye ana nguvu kupita kiasi. Na waandishi wa matangazo wanampenda kuliko herufi zote: "Pata punguzo papo hapo!" Kila p ni kofi la hewa kwenye maiki. Ajabu ni kwamba b haina vurugu hiyo. Mswahili wa pwani akisema "baba" hewa inavutwa ndani kidogo badala ya kusukumwa nje, na maiki inabaki salama. Kwa p, kinga ni bora kuliko wembe: maiki ikae umbali wa shubiri moja, iwe pembeni kidogo ya mdomo, na mbele yake soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye hanga ya waya. Ikishapita, chagua ile p peke yake, milisekunde chache za mwanzo, upunguze sauti za chini hapo tu. Usiguse sentensi nzima kwa kosa la herufi moja.

S, sh na z zinahitaji kutulizwa, hasa maiki za bei nafuu zinazochoma kati ya hezi 5,000 na 8,000. "Shilingi elfu sita na mia sita" inaweza kumtoboa mtu masikio. Lakini zitulize kidogo tu. Kifaa cha kutuliza s kikizidishwa kinampa msomaji kithembe, na "si" ni neno zima kwetu, tena ni neno la kukanusha.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu wa kudumu na wateja, ambao ni muda. Tangazo limeandikwa kwa Kiingereza huko ofisini, limepimwa likatoshea sekunde 30, kisha likatafsiriwa. Mwaka 1999 Mwingereza anausema kwa silabi tano. Sisi: elfu moja mia tisa tisini na tisa, silabi kumi na nne. Bei ya 19,999, ambayo mtu wa masoko ameiweka ili ionekane ndogo, inasomwa "shilingi elfu kumi na tisa mia tisa tisini na tisa", silabi ishirini za kuifanya ionekane kubwa. Halafu namba ya simu, mara mbili. Halafu jina la mtaa. Msomaji anamaliza kwa sekunde 38, na ujumbe unaingia WhatsApp: "Kaka tunaomba iwe 30, utajua utakavyofanya."

Kinachowezekana ni hiki. Mapengo kati ya sentensi yanabanwa, lakini si yote sawasawa, maana pengo kabla ya bei linafanya kazi kuliko maneno yaliyolitangulia. Pumzi mbili tatu zinaondoka. Kisha sauti inaharakishwa bila kupanda juu, kitu ambacho kila programu inakifanya, na hapo asilimia 3 haionekani, 5 inaanza kuonekana, 8 silabi za pili kutoka mwisho zinapoteza urefu wake na Kiswahili kinaanza kusikika kama kimesomwa na mgeni anayekimbilia basi. Kutoka 38 hadi 30 ni zaidi ya asilimia 20. Haiwezekani. Namrudishia mteja skripti na mstari chini ya maneno ya kuondoa, na mara nyingi naanza na "kwa mara nyingine tena".

Mahali pamoja tu ambapo sheria hizo hazifanyi kazi ni "vigezo na masharti kuzingatiwa". Hiyo hata ukiiharakisha kwa asilimia 40 hakuna anayelalamika. Msikilizaji anaijua kwa mdundo, hahitaji kusikia herufi. Nadhani ingesomwa polepole watu wangeshtuka, wangedhani kuna tatizo.

Kompresa sina mengi. Inashusha vilele ili minong'ono ipande, uwiano wa 3 kwa 1 unatosha, na kumbuka inapandisha feni pamoja na minong'ono, kwa hiyo safisha kwanza. Ukubwa wa sauti wa mwisho unategemea unapokwenda. Televisheni zinazofuata kanuni ya Ulaya ya R128 zinataka -23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Podikasti wengi wanakaa karibu na -16. ACX, jukwaa la vitabu vya sauti, wanataka wastani kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisizidi -3, na ukimya wa chumba uwe chini ya -60, na hiyo -60 ndiyo inayowafanya watu wakimbilie geti na kuanza kukata vichwa vya maneno. Chumba kizuri kwanza. Redio zetu nyingi hazikuambii chochote, unapeleka, wanakiminya wenyewe.

Kuweka mziki chini ya sauti ni somo la siku nyingine. Nitasema tu kwamba Lufufu, aliyekuwa akitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwenye vibanda vya video vya Dar, alisema juu ya risasi na vinanda bila mtu wa kumshushia kitu, na maneno yake yalifika kwa sababu alijua aingie wapi. Wahariri tunashusha mziki desibeli 12 na bado hasikiki mtu, kwa kuwa mziki wenyewe umejaa palepale konsonanti zilipo, kati ya hezi 2,000 na 4,000. Punguza hapo kidogo kwenye mziki, uache uendelee kucheza.

Mtaniuliza kuhusu programu za akili mnemba zinazosafisha sauti kwa kitufe kimoja. Nimezijaribu, na kwa sauti iliyorekodiwa kwa simu sokoni zinaweza kufanya maajabu. Ila hizi hazifuti kelele tu, zinakisia sauti ilitaka kusema nini kisha zinaitengeneza upya. Kwa Kiswahili ukisio huo mara nyingine unakwenda kombo: "ng'ombe" nimerudishiwa ikiwa na g nzito katikati, "ghali" ikawa "gali", na dh ya "dhahabu" ikatoka z safi kabisa. Sauti inang'aa, haina hata chembe ya feni, na msomaji amegeuka mtu wa kabila ambalo si lake. Ukizitumia, soma skripti neno kwa neno huku unasikiliza. Nazitumia nusu nusu: naweka toleo lililosafishwa chini ya lile la asili, nachanganya kwa theluthi.

Na faili la asili lisifutwe, lihifadhiwe kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, siyo mp3, wala siyo lile lililopita WhatsApp kama ujumbe wa sauti, maana njiani limeshabanwa. Likitumwa kama dokumenti linafika zima. Faida yake niliiona wiki hii. Duka moja limeshusha bei kutoka elfu ishirini hadi elfu kumi na nane, tangazo linaanza kurushwa jioni, na msomaji yuko msibani Tanga, mahali ambapo huwezi kumwambia mtu aingie kabatini akasome bei. Nilimpigia, akaniruhusu nitumie sauti yake iliyopo. "Elfu" ilikuwepo. "Kumi na" niliipata kwenye "saa kumi na moja jioni". "Nane" zilikuwepo mbili, zote kwenye namba ya simu. Ile ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa tarakimu ya mwisho, imeshuka chini kama mtu aliyemaliza maneno, na sentensi ilikuwa inaendelea: "kwa elfu kumi na nane tu, njoo na familia." Ikasikika kama tangazo limekufa katikati. Nikachukua ile ya ndani ya namba, iliyosomwa ikiwa inapanda kusubiri tarakimu inayofuata, krosifedi ya milisekunde 8, na kipande cha ukimya wa chumba kilekile chini yake ili kiungo kisionekane. Mteja amejibu kwa kidole gumba, kisha akauliza kama naweza kuongeza na namba ya pili ya simu.